Kijiko cha Kibumba

Simu ya Goma iliingia alfajiri, nikiwa nawafungulia kuku. Alikuwa binti wa muuguzi niliyefanya naye kazi huko. Hakuzunguka: "Baba, mama ametutoka." Nikakaa juu ya ndoo, kuku wakanipita miguuni. Nimestaafu uuguzi, nimeosha na kuzika wengi, lakini kwa huyu nilishindwa hata kuwasha moto wa chai. Hapa nyumbani wananiuliza alikuwa ndugu yangu wa upande gani. Hakuwa ndugu. Alinifundisha kazi kwa siku 18, wakati huo nikiwa tayari na cheti na miaka 13 ya wodini.

Utoto wangu hauna mengi. Nilizaliwa Kamachumu mwaka 1958, baba akiwa mwinjilisti wa Kilutheri na mkulima wa migomba na kahawa. Vita vya Kagera vilinikuta chuoni. Mwaka 1981 nikaajiriwa katika hospitali ya kanisa, nikaoa, nikaimba besi kwenye kwaya. Nje ya Tanzania nilikuwa sijakanyaga.

Mauaji ya kimbari ya Rwanda ya 1994 kwetu hayakuwa habari ya redioni. Mwishoni mwa Aprili wakimbizi zaidi ya laki mbili walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na mto Kagera ulikuwa ukishusha maiti hadi ziwani. Watu wa Bukoba tuliacha kula samaki. Katikati ya Julai kikaja kilio cha pili: Wanyarwanda wapatao laki nane wamemiminika Goma, Zaire (Kongo ya leo), kwa siku chache, na tarehe 20 kipindupindu kikathibitishwa. Walihitajika wauguzi wanaojua Kiswahili. Nikajitolea, na nasema kweli, nilijitolea kwa sababu niliamini nakwenda kupeleka Neno. Tulikuwa sita na mchungaji wetu kiongozi. Garini tulipakia maboksi manne ya dawa, mawili ya Agano Jipya, na kipaza sauti cha betri. Masaka, Mbarara, Kabale, Kisoro, tukavuka mpaka Bunagana, tukashika njia ya Rutshuru kuelekea Goma. Njiani tukasimama Kibumba, na hapo ndipo tulipobaki.

Kibumba ni mawe. Lava ya volkano iliyoganda, nyeusi, yenye ncha kama chupa iliyovunjika. Jembe linaruka. Choo hakichimbiki, kaburi halichimbiki, na maji hakuna isipokuwa ya boza, nayo hayakutosha. Wafu walikuwa wakiviringishwa kwenye mikeka na kulazwa kandokando ya barabara, na usiku Nyiragongo ilikuwa ikiwaka nyekundu juu yetu sote. Ndani ya mwezi mmoja watu karibu 50,000 walikufa katika eneo lile la Goma.

Marehemu alikuwa muuguzi wa hapohapo, Mkongomani, mwanamke mfupi wa makamo, kilemba cha bluu, viatu vya mpira vya mwanamume. Wote tulimwita Mama. Hema lake lilikuwa na wagonjwa zaidi ya mia, wengine chini juu ya mawe. Asubuhi ya kwanza nilijieleza kirefu: kanisa langu, cheti changu, salamu za waumini. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kiswahili yako iko muzuri, Baba. Sasa mikono yako iko wapi?" Akanipa kikombe na kijiko.

Kipindupindu kinaua kwa ukavu. Mtu anatoa maji kama yaliyooshea mchele, lita kwa lita, macho yanazama, na ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama. Aliyezimia anatundikiwa dripu, tena kwa kasi, hapo hakuna mjadala. Lakini anayeweza kumeza anapona kwa maji, chumvi na sukari: kwenye lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi na vijiko sita vya sukari. Hilo nililijua tangu chuoni. Nisilolijua ni jinsi ya kumnywesha. Nilikuwa nawapa kikombe, wanagugumia kwa kiu, wanatapika, nami nakimbilia sindano. Mama akanishika kifundo cha mkono. Alitia kijiko kimoja mdomoni mwa mtoto wa kike, akasubiri koo lipande na kushuka, akahesabu, akatia kingine. Mtoto akatapika. Mama akamfuta, akangoja dakika kumi, akaanza tena, polepole zaidi. "Nywa," alimwambia kwa Kinyarwanda, "buhoro buhoro." Usimwache, akaniambia mimi.

Nilimwacha mwingine. Siku ya tatu kiongozi wetu aliagiza ibada ya asubuhi nje ya hema, kwa kipaza sauti, wauguzi wote tuhudhurie tuonekane. Kijana mmoja safu yangu alikuwa na dripu inayotiririka vizuri. Nikaiamini dripu, nikaenda kuimba. Niliporudi chupa ilikuwa tupu, godoro limelowa, naye amekwisha kupoa. Mama hakunikaripia. Alinisaidia kumfunga mdomo, kisha akaenda kwenye gari letu, akavimwaga vile vitabu vya Agano Jipya kwenye kiti, akayapasua maboksi, akawatandikia wagonjwa waliolala juu ya lava. Kiongozi wetu alilalamika kwamba Neno limedharauliwa. Sikumjibu siku ile. Namjibu leo: mgonjwa anayekusikia ukiimba huku chupa yake imekauka, hilo ndilo neno analolisikia.

Swali la nani anastahili maji nalo lilikuwapo. Walininong'oneza kuhusu mwanamume mmoja niliyekuwa nikimnywesha, alichokifanya huko kwao mwezi wa nne. Mkono uliniganda. Nikamwendea Mama. Akauliza, "Amekunywa vikombe ngapi?" Nikasema vitatu. "Bado," akasema, akageukia mgonjwa wake. Sijapata kulimaliza jambo lile moyoni, na nawashangaa wanaolimaliza haraka.

Mwenzangu wa safari ile, tunayekutana naye mpaka leo, anashikilia kwamba tungekuwa na dripu za kutosha tungeokoa wengi zaidi, na kijiko kilikuwa dawa ya maskini. Tunabishana kila Krismasi. Namkumbusha kambi ya Bangaon, India, mwaka 1971, Dakta Dilip Mahalanabis alipoishiwa dripu akawategemea ndugu wa wagonjwa wanyweshe kwa vikombe, vifo vikashuka kutoka karibu 30 katika kila 100 hadi chini ya vinne. Lakini takwimu siyo hoja yangu hasa. Dripu inakuruhusu kuondoka. Kijiko hakikuruhusu.

Vijana wetu siku hizi wanakwenda misheni kwa wiki moja, fulana za rangi moja, simu mkononi. Wanangu, nawaambia kwa uchungu: usimpige picha mtu ambaye hujakaa naye hata saa moja. Uliza nani alikuwepo kabla yako, ukae chini yake, umtii. Kuna Mama katika kila hema mnaloingia, na wengi wenu mnarudi bila hata kumwamkia.

Tuliporudi, kanisa lilijaa. Kiongozi wetu alitoa taarifa ndefu, kisha akaniita mbele nishuhudie. Mzee wa kanisa akauliza kwa sauti ya furaha, wangapi waliokoka? Nilimuona yule mtoto wa kike, usiku mmoja Kibumba, kichwa pajani pangu, akishika mwenyewe kijiko. Nikasema kuna mmoja, alikunywa vikombe sita hadi kulipokucha, kisha akaomba uji.

Nikarudi kukaa kwenye safu ya besi.