Nishtue Tukifika Makambako

Mama mdogo hakunipigia simu kwa ajili ya kompyuta. Alipiga kutoka Iringa kwa sababu akina mama wa kikundi chake walikuwa wameanza kunong'ona kwamba hela imeliwa. Walichangishana, wakamlipa kijana mmoja awatengenezee programu-jalizi ya kupokea malipo ya simu kwenye tovuti wanayouzia vikapu vya milulu. Kijana aliiwasha mbele yao, ikakubali, akaaga. Ukurasa uliofuata uligoma kufunguka, na duka zima likafa nao.

Usiku huo nilifungua mafaili yao nikiwa chumbani kwangu Mwanjelwa, Mbeya. Tovuti ni ya WordPress, duka ni WooCommerce. WordPress hupakia programu-jalizi moja baada ya nyingine, kwa alfabeti ya majina ya mafolda. Folda ya malipo ilianza na M, ya duka inaanza na W. Nyongeza iliamka ikamwita mzazi wake, WC_Payment_Gateway, kabla hajafika. Siku ya kuwashwa ilipona kwa kuwa duka lilikuwa limeshapakiwa.

Dawa ilikuwa mistari michache. Niliiweka kazi yote ndani ya fanksheni moja, nikaitundika kwenye kulabu iitwayo plugins_loaded, ambayo huita waliojiandikisha baada ya programu-jalizi zote kupakiwa.

Lakini mama mdogo alikuwa na kikao Jumamosi. Angewaambia nini wenzake?

"Mama, ukipanda basi huku Mbeya, unamwambia konda, 'Tukifika Makambako nishtue.' Kisha unalala. Gari lina mwendo wake, wewe umeacha neno tu. Kijana hakuacha neno. Alishuka Igawa akidhani kafika."

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo hela haikuliwa?"

"Haikuliwa. Kazi ilifanyika, ila iliwahi."

Tumelelewa kumsifu anayewahi. Sikuwahi kufikiri kwamba kuwahi kunaweza kumchafulia mtu jina.

Jumamosi walinipigia, simu ikiwa kwenye spika. Bibi mmoja akauliza, "Na konda akisahau?"

Nikamjibu kwamba ndani ya fanksheni kuna sharti: kabla ya kuanza, nyongeza huuliza kwanza kama duka lipo. Lisipokuwepo, inakaa kimya na tovuti inaendelea.

"Basi sawa," akasema. "Huyo sasa ana adabu."