Siri ya Biharusi na Simu ya Nyumbani



Wiki moja kabla ya nikaha ya mdogo wetu, nyumba nzima ilinukia singo, na sisi dada zake tulikuwa tukipokezana kumsinga. Kumbe alikuwa na jambo aliloona haya hata kumwambia somo wake: maumivu makali ya hedhi, na hofu kwamba huenda hatapata mtoto. Usiku akachukua simu ya mama, ile tunayoitumia sote, akauliza mtandaoni. Alipomaliza akafunga ukurasa.

Asubuhi kaka akaishika simu hiyo kutazama bei ya mchele. Yakamtokea matangazo ya dawa za uzazi. Akauliza mbele ya watu, "Nani humu anatafuta dawa hizi?" Biharusi akainama. Tukaona machozi yakipita juu ya singo.

Tulidhani kufunga ukurasa ni kufunga mlango. Sivyo. Kivinjari huweka kumbukumbu ya tulikopita, na tovuti huacha humo vifaili vidogo viitwavyo vidakuzi. Kwa vidakuzi hivyo, makampuni ya matangazo hutufuata tovuti hadi tovuti. Hata ile hali fiche hufuta kumbukumbu ndani ya simu tu. Tovuti bado zinaweza kutuona. Mwaka 2024, katika kesi iliyofunguliwa Marekani mwaka 2020, Google ilikubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu za watu waliotumia hali hiyo.

Dini yetu imetukataza kupelelezana katika Suratul Hujuraat, na Suratun Nuur imetufunza kuomba idhini kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Mitandao haipigi hodi, basi mlango tuufunge wenyewe. Siku ile tulifuta historia na vidakuzi, tukazima matangazo yanayomlenga mtu, na kila mmoja akawa na akaunti yake. Tukaweka Firefox, wenye iPhone wana Safari. Vyote viwili huzuia vidakuzi vinavyotufuata.

Kaka aliomba radhi. Somo naye alipopata habari akaja, akaketi mkekani, akamshika mkono biharusi. "Mwanangu, ungeniambia mimi. Nimewafunda wengi, na hakuna siri iliyotoka chumbani mwangu." Kesho yake akampeleka mwenyewe kwa daktari mwanamke.

Mashoga, yapo ya kuuliza mtandaoni, na yapo ya kumnong'oneza somo. Allah atusitiri sote. Amin.