Kupiga Picha Juu ya Barafu Mjini Nairobi

Mtu atokaye Machakos kwa basi kuja Nairobi, akiisha kuipita njia panda ya uwanja wa ndege, huiona hoteli kubwa ya Panari kando ya barabara ya Mombasa. Wengi huipita wasijue kwamba ndani ya jengo lile, mwaka 2005, palifunguliwa uwanja wa barafu, wa kwanza katika Afrika ya Mashariki, ili watu wateleze juu yake kwa viatu vyenye vyuma vyembamba chini. Mimi nami nalipita hapo miaka mingi nisijue habari hiyo, mpaka mwaka 2019, mpwa wangu aliponiambia ya kuwa anajifunza hoki ya barafu.

Nalidhani ananifanyia mzaha. Kumbe vijana wa Kenya walikuwa wamekwisha kuunda timu, iitwayo Ice Lions, na mwaka 2018 walipelekwa Kanada wakacheza huko, kwa kuwa hapa kwetu hapakuwa na timu nyingine ya kushindana nao. Tena mwaka 2024 chama cha dunia cha mchezo huo kiliipokea Kenya miongoni mwa wanachama wake washiriki.

Dada yangu, mama yake kijana huyo, akaa shambani, wala hapendi safari za mjini. Aliniambia, "Mwanangu anakimbia juu ya maji yaliyoganda, nami sijui hata anavaa nini. Nenda ukampige picha, nione uso wake." Basi nikaazima kamera nzuri kwa karani mwenzangu, nikaenda Jumamosi moja alasiri.

Nje jua lilikuwa kali, nami nilikuwa nimevaa shati tu. Nilipoingia, baridi ilinipokea kama ile ya alfajiri ya mwezi wa Julai kule Limuru. Viwanja vya namna hii hufanywa kwa mabomba mengi yalazwayo chini, ambayo ndani yake hupita kitu cha majimaji kisichoganda, kilichopozwa na mashine. Juu yake humwagwa maji kidogo kidogo, tabaka juu ya tabaka, hata yawe barafu ngumu. Watoto walikuwa wakishikilia ukingo kwa mikono miwili, wakubwa wakianguka na kucheka. Lakini wachezaji wa hoki walikuwa watu wengine kabisa. Walikwenda kwa kasi ya baiskeli iteremkayo mlima, kisha wakageuza miguu upande, chuma kikalia juu ya barafu, wakasimama papo hapo, na unga mweupe ukaruka.

Nalipiga picha zaidi ya mia. Katika kioo kidogo cha kamera zote zilionekana nzuri, maana kioo hicho husifu kila kitu. Nikachagua moja, nikaichapisha kwa ukubwa wa daftari, nikampelekea dada yangu huku nikijisifu njiani. Akaitazama kitambo kirefu. Akauliza, "Huyu ni nani?"

Alikuwa na haki kuuliza. Barafu ilikuwa na rangi ya majivu, na chini ya kofia ngumu ya mchezo palikuwa na weusi mtupu, hapana macho, hapana meno. Ingaliweza kuwa picha ya mtoto wa mtu ye yote. Nalitahayari sana.

Ndipo nikaenda kwa mpiga picha mmoja wa arusi, mtu mzima, akanieleza kosa langu. Kamera hupima nuru, lakini haijui inatazama nini. Imetengenezwa kudhani ya kuwa kila kitu, kikichanganywa pamoja, kina rangi ya kadiri, si nyeupe wala si nyeusi. Ikitazama shamba la mahindi, haikosi sana. Ikitazama barafu nyeupe tupu hudhani kwamba nuru imezidi, basi huipunguza. Hapo barafu hugeuka majivu, na uso wa Mwafrika hugeuka mkaa. Dawa ni kutoitii kamera: uiamuru iingize nuru maradufu, au kuzidi kidogo. Mzee yule akaongeza kwamba jambo hili ni la zamani. Katika siku za filamu, kampuni ya Kodak ilipeleka katika maduka ya kusafishia picha kadi yenye sura ya mwanamke wa Kizungu, ili rangi zote zilinganishwe na ngozi yake. Nasi wengine tukatoka kama tulivyotoka.

Lakini tatizo halikwisha hapo. Kijana akimbiaye juu ya barafu ataka kamera ifumbue na kufumba upesi, sehemu moja ya 500 ya sekunde, la sivyo atatoka kama moshi. Na kamera ikifumba upesi hivyo, nuru iingiayo ni haba, hasa chini ya taa za ndani, ambazo jicho huziona zatosha, kumbe ni hafifu mara nyingi kuliko jua la mlangoni. Tena umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa hupepesa mara 100 katika sekunde hiyo. Jicho halioni neno, ila kamera ya upesi huona: picha moja ya njano, ya pili yenye giza, ya tatu safi, na wewe hukugusa kitu.

Safari ya pili nalijifunza kungoja. Nalifungua tundu la lenzi mpaka mwisho, nikashusha kasi hadi sehemu moja ya 250, nikaacha kumfukuza kijana kila aendako. Nalichagua pembe moja ambapo taa zilimulika vizuri, na ambapo wachezaji walipenda kusimama kwa ghafula. Mtu asimamapo hivyo, kwa kitambo kidogo mwili wake hauendi mbele wala nyuma. Na barafu ile ile iliyoniponza safari ya kwanza sasa ilinisaidia, kwa kuwa ilirudisha nuru kutoka chini mpaka ndani ya kofia. Nalikaa saa mbili, vidole vikifa ganzi. Nilipotoka nje lenzi ikaingia ukungu, kama miwani ya mtu afunuaye sufuria, nikangoja hata ukauke.

Katika picha thelathini moja ilifaa. Kijana ameinama kidogo, jasho liko juu ya mdomo, macho yanatazama kitu kilicho nje ya picha. Dada yangu aliipokea kwa mikono miwili, akasema, "Amekonda," akaitundika kando ya picha yake ya arusi. Barafu imetoka nyeupe pe, bila mstari wala alama, na sasa kila mgeni aingiaye huulizwa mtoto amesimama juu ya nini. Wengi hujibu ya kuwa ni magadi.