Kabureta, koki na masahihisho ya ukurasa wa pili

Nimekuwa kimya kwa majuma mawili. Si kwamba sikuwa na la kusema. Mwandishi wa habari akikosa la kusema ujue anaumwa. Nilikuwa na mikono michafu. Michafu kwelikweli, ya grisi na petroli, mpaka mhariri wangu akaniuliza kama nimeacha kazi nikawa fundi gereji. Nikamjibu kwamba bado, ila mambo yakiendelea hivi, lolote linawezekana...

Kisa chenyewe ni mashine ya kukatia majani.

Wanaonifahamu wanajua kwamba nimelelewa na Baba Mdogo pale Tabata. Mzee huyu kazi yake ni kukata majani kwenye nyumba za watu, Mikocheni mpaka Mbezi Beach. Mashine yake ni ile ya kusukuma, ya matairi manne, injini ya petroli ya silinda moja. Mimi na hiyo mashine ni kama ndugu. Nilipokuwa chuo kikuu, bumu likichelewa (na lilikuwa likichelewa!), ilikuwa inangurumishwa kwenye bustani ya mtu, na jioni yake natumiwa hela ya kula. Kwa hiyo mkiniona natamba na shahada yangu, jueni kuna majani mengi yamekatwa nyuma yake.

Sasa basi. Mwezi Januari Baba Mdogo alisafiri kwenda Songea kwenye msiba, akakaa huko karibu miezi mitatu kwa mambo ya mirathi. Yule kijana anayemsaidia kazi naye akaenda kwao Lindi. Mashine ikabaki stoo. Baba Mdogo aliporudi, mwishoni mwa Machi, masika yalikuwa yameanza, na wakazi wa Dar mnajua majani yanavyoota wakati wa masika: unayatazama na yenyewe yanakutazama. Simu za wateja zikaanza kulia. Kijana akapewa hela akanunue petroli, akaja akajaza, akavuta kamba. Kimya. Akavuta asubuhi nzima mpaka kiganja kikatoka malengelenge. Kimya.

Baba Mdogo ni mtu mpole, lakini siku hiyo alikuwa ameshapoteza wateja wawili kwa wale vijana wenye mashine za kubeba begani. Akahitimisha kwamba kijana kanunua mafuta ya vichochoroni ili abaki na chenji, na kwamba hayo mafuta yamechakachuliwa. (Neno hilo mnalikumbuka. Lilivuma mwaka 2010, mwaka ambao EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wanaochanganya petroli na mafuta ya taa. Mwaka huohuo ulikuwa wa uchaguzi mkuu, neno likahama kwenye vituo vya mafuta likaenda kwenye kura.) Kijana akaapa. Hakusikilizwa. Akaondoka, na hela yake ya wiki ile, shilingi 40,000, ikazuiwa kufidia hasara.

Mimi nilifika Jumapili yake. Nikamkuta kijana nje anafunga kibegi. Akaniambia, "Kaka, mafuta yaliyokuwemo kwenye tenki kabla sijaongeza yalikuwa yananuka kama rangi ya zamani. Mwambie mzee." Nikamwambia sawa, nitamwambia. Nikaingia ndani, nikamwamkia mzee, nikakaa, nikaletewa chai. Mzee akasimulia upande wake. Nami, msomi wa habari na mawasiliano, nikatikisa kichwa nikasema, "Vijana wa siku hizi, Baba Mdogo, shida." Basi. Ya rangi ya zamani sikuyasema.

Fundi wa mtaani alishasema kabureta imekufa, inunuliwe nyingine. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha kwamba elimu haikwenda bure. Nilikuwa nimesoma sehemu kwamba kabureta haifi hivihivi. Mara nyingi imeziba tu, na kuna seti ya vipuri vya kuikarabatia: gasketi, oringi, sindano ya boya, vikolokolo vyote kwenye kimfuko kimoja cha nailoni. Nikaenda Gerezani, Kariakoo. Muuzaji akaniuliza, "Unataka ripea kiti?" Nikadhani ananikaribisha kukaa. Nikamwambia asante, nitasimama. Duka zima likacheka. Nikalipa 15,000 nikaondoka na "kiti" changu mfukoni.

Kabla sijaendelea, niwaeleze kabureta inafanya nini, maana mimi mwenyewe nimekata majani kwa miaka bila kujua. Injini haichomi petroli ya maji; inachoma mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa, takriban kilo 15 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli. Kazi ya kuchanganya ndiyo ya kabureta. Pistoni ikishuka inavuta hewa kupitia bomba lililobanwa katikati. Hewa ikipita pale pembamba inakwenda kasi na mgandamizo wake unapungua, jambo ambalo Mwitaliano Giovanni Battista Venturi alilichunguza zaidi ya miaka 200 iliyopita. Petroli inanyonywa kutoka kwenye bakuli chini, inapanda kupitia kitobo kidogo kiitwacho jeti, inatawanyika kama rangi inayopulizwa ukutani. Mjerumani Wilhelm Maybach alitengeneza kabureta ya kupuliza namna hii mwaka 1893. Ndani ya bakuli kuna boya, kazi yake ni ileile ya boya la tenki la choo: mafuta yakijaa linapanda na kusukuma sindano izibe mlango, yakipungua linashuka, mlango unafunguka. Ndiyo hiyo tu. Hakuna umeme, hakuna kompyuta.

Jumamosi asubuhi nikatandika gunia uani. Mama Mdogo alikuwa anachoma chapati hatua tatu tu kutoka hapo. Nikamwomba ahamishe jiko kwa sababu ya petroli. Akaniuliza kama hiyo mashine inalisha watu kuliko chapati. Mwishowe nikahama mimi, nikaenda nyuma ya nyumba.

Nikafunga koki, nikachomoa waya wa plagi, nikapiga picha kila springi na kila kiwaya kwa simu (msiache kufanya hivi, nawasihi). Nati mbili za spana namba 10, kabureta ikatoka. Nikaigeuza, nikafungua boliti ya bakuli.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika.

Bakuli lilikuwa kavu. Nasema kavu, na wakati tenki lilikuwa na petroli ya kutosha! Chini yake kulikuwa na utando wa kahawia, mgumu, kama sukari iliyoungulia sufuriani. Harufu ilikuwa ya rangi ya zamani. Nikavuta boya, halikushuka. Sindano ilikuwa imenata kwenye mlango wake kwa gundi hiyohiyo, nikaing'oa kwa plaizi.

Nikakaa kwenye gunia nikafikiri. Petroli ikikaa muda mrefu, sehemu yake nyepesi huruka, na kinachobaki hugeuka gundi. Kazi hiyo haifanyiki kwa asubuhi moja, ni ya wiki na miezi. Na kama sindano ilikuwa imeshanata, basi petroli aliyoinunua yule kijana haikuwahi hata kuingia kwenye kabureta. Iwe ilitoka kituoni au uchochoroni, isingeweza kuharibu mahali ambapo haikufika.

Sasa swali ambalo kila ripota hufundishwa kuuliza: nani alikuwa wa mwisho?

Wa mwisho nilikuwa mimi. Januari, siku chache baada ya Baba Mdogo kusafiri, mteja mmoja wa Mikocheni alikuwa na sherehe, mzee akanipigia simu kutoka Songea nikamkatie. Akaniambia, nalikumbuka neno kwa neno, "Ukimaliza, mwanangu, funga koki, iache ingurume mpaka izime yenyewe." Yaani imalize mafuta yote kwenye bakuli kabla ya kulala. Lakini mimi nilikuwa na habari ya kuwahisha chumba cha habari. Nikaizima kwa swichi, nikaitupa stoo, koki wazi, nikadandia bodaboda.

Ningeweza kunyamaza. Nawaambieni ukweli, nililifikiria hilo. Nilijiambia: nitaitengeneza, itawaka, mzee atafurahi, kijana atapata kazi kwingine, yataisha. Nikaendelea na kazi.

Nikafungua jeti. Kitobo chake ni chembamba kuliko sindano ya kushonea, na nilikuwa nimesoma kwamba ukichokonoa kwa chuma kigumu unakipanua, mashine inakunywa mafuta kupita kiasi. Nikachomoa unywele mmoja wa shaba kwenye waya wa taa, nikapitisha taratibu, nikapuliza. Nikasugua bakuli kwa mswaki wa zamani. Nikaweka sindano mpya na gasketi mpya, nikafunga kila kitu, nikafungua koki. Petroli ikachuruzika miguuni kwangu. Gasketi ya bakuli ilikuwa imekunjwa. Nikarudia.

Safari ya pili haikuvuja. Nikavuta kamba, ikawaka! Nikapiga kelele kama tumefunga goli. Lakini nikitoa choki inazima. Nikirudisha, inawaka. Nikitoa, inazima. Choki inapunguza hewa. Kama injini haiishi bila choki, maana yake petroli bado haitoshi, bado kuna mahali pameziba. Nikafungua tena mara ya tatu. Baada ya kutoa jeti nikaigonga kabureta kiganjani, na kikadondoka kimrija kidogo cha shaba chenye vitobo ubavuni ambacho nilidhani ni sehemu ya mwili wa kabureta. Vitobo vyote vimezibwa na ile gundi. Nilikuwa nimekitazama asubuhi nzima bila kujua kwamba kinatoka.

Saa kumi jioni mashine ikanguruma bila choki. Baba Mdogo akatoka ndani na kikombe chake, akasimama, akacheka. Akasema, "Kumbe yale majani hayakwenda bure." Akataka kunipa mkono. Nikaangalia mkono wangu, mchafu vile, nikashindwa kuupokea wake.

Kwenye gazeti letu, tukikosea, tunachapisha masahihisho. Mnayajua: ukurasa wa pili, chini kabisa, maandishi madogo kama mchwa. Kosa lilitoka ukurasa wa kwanza kwa wino mwekundu, sahihisho linajificha chini ya tangazo la kiwanja. Mwaka jana niliandika masahihisho mawili ya namna hiyo, na sikukosa usingizi. Sasa nilitakiwa kutoa langu, mdomoni, mbele ya mzee.

Nikazima mashine (safari hii kwa koki, nikaisubiri inyamaze yenyewe). Nikamwonyesha ile sindano ya zamani na utando niliokuwa nimeukwangua kwenye kipande cha gazeti. Nikamweleza yote, na ya Januari, na ya "vijana wa siku hizi". Hakunikatiza. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Kwa hiyo nilimfukuza mtoto wa watu bure." Nikamwambia, "Si wewe, Baba Mdogo. Ni mimi." Akajibu, "Wewe uliacha koki wazi. Aliyefunga masikio ni mimi." Sikumwambia kwamba na mimi nilifunga yangu, tena nilikuwa nimeelezwa mapema. Nadhani alijua.

Kesho yake tulimtafuta kijana, tukamkuta anaosha magari karibu na Mwenge. Baba Mdogo alimpa 40,000 yake, na 20,000 juu, na akamwomba msamaha. Mzee wa miaka zaidi ya sitini, mbele ya vijana wenzake. Kijana akapokea kwa mikono miwili akasema, "Yameisha, mzee." Alipoombwa arudi kazini akatabasamu, akasema atafikiria. Kisha akanigeukia mimi: "Kaka, si nilikwambia inanuka rangi?" Nikasema ulinambia. Akarudi kwenye ndoo yake.

Hajarudi mpaka leo ninapoandika. Jumamosi mbili hizi nimesukuma mashine mwenyewe, mzee akiwa nyuma yangu na reki. Chuoni nilifundishwa kusikiliza pande zote mbili kabla ya kuandika, na mtihani wa somo hilo nilipata A. Nilipofika uani kwetu, upande mmoja ulikuwa na kiti na chai, upande wa pili ulikuwa na kibegi getini. Mnajua niliandika upi.

Kwa wenye mashine, jenereta, au chochote cha petroli kinachokaa muda bila kutumika: funga koki, iache imalize mafuta yenyewe. Dakika chache tu. Na wewe msomaji, una koki gani uliyoiacha wazi, ikamzimia mtu mwingine? Niambie.

Wiki njema. Naenda kunawa mikono.