Chakula cha Kihindi katika Baridi ya Eldoret

Safari ya kutoka Mombasa hadi Eldoret ni ya karibu kilomita 800, na mwenye kuifanya kwa basi huiona Kenya ikibadilika dirishani: nyika ya Voi, majengo ya Nairobi, Bonde la Ufa, kisha vilima vya Timboroa ambako ukungu hukaa barabarani hata jua likiwa limekwisha kuchomoza. Eldoret yenyewe iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Pwani hushuka garini na kanzu na koti la kuazima, na kabla hajauliza njia huulizia chai.

Wengi wetu hawaendi huko kwa matembezi. Huenda kwa ajili ya mtoto aliyepata nafasi Chuo Kikuu cha Moi, au mgonjwa aliyepelekwa hospitali kuu ya rufaa. Akina mama wanaonipigia simu kabla ya safari kama hizo huuliza kwanza habari za baridi, kisha huuliza: tutakula wapi, na nyama ya bara ni halali? Nimekwenda Eldoret mara kadhaa, kwa kuwa binti yangu anasomea uuguzi huko, na jibu langu huanzia jikoni kwa Wahindi.

Mji huu ulianza kama nambari. Mashamba waliyogawiwa walowezi yalihesabiwa, na mwaka 1910 posta ikafunguliwa katika shamba nambari 64. Wenyeji wakaitamka nambari hiyo ya Kiingereza kwa ulimi wao, ikawa Sisibo, na wazee wangali wakilitumia jina hilo. Eldoret lilikuja mwaka 1912, kutokana na neno la Kimaasai la mto wa mawe, nao ni Sosiani upitao mjini. Reli ilifika mwaka 1924, na aghlabu palipofika reli, duka la Mhindi halikuwa mbali. Ile reli ya mwanzo, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilileta vibarua wapatao 32,000 kutoka Bara Hindi. Wengi walirudi kwao, wengine walifia njiani, na elfu kadhaa wakabaki. Wafanyabiashara nao walikuwa na njia zao. Allidina Visram, aliyefika Unguja akiwa kijana mdogo na kufariki mwaka 1916, alitandaza maduka yake kutoka Pwani mpaka Uganda. Kwa hiyo bizari inayonukia Eldoret ilipita katika bandari ile ile iliyoleta bizari ya bibi zetu.

Mwezi wa Agosti 2024 Eldoret ilipewa hati ya kuwa jiji. Zamani mgeni aliyetaka chakula cha Kihindi aliingia katikati ya mji, baina ya maduka ya nguo na ya vipuri. Siku hizi wenye nafasi wamehamia Elgon View, mtaa wa nyua pana na miti mirefu, na mikahawa imewafuata: viti bustanini, chai ya masala katika vikombe vya udongo, chipsi masala kwa vijana.

Orodha ya vyakula ukiifungua, macho ya mtu wa Pwani hayapotei. Biriani ipo, ila huko nyama hupikwa ndani ya wali wake. Si kama ya kwetu, ambayo masala na wali hukutana sahanini. Sambusa ipo, nene, ya viazi na njegere, na mtoto aliyezoea ya nyama ataigeuza mara mbili kabla ya kuing'ata. Bajia ni vipande vya viazi vilivyovikwa unga wa dengu, ndugu wa viazi vya karai vya Mombasa, wala si zile za kunde. Mkate wa naani hubandikwa ndani ya tanduri, na neno hilo ndilo tanuri letu, nalo ndilo tannur lililomo katika kisa cha Nabii Nuhu ndani ya Qur'ani. Kisha kuna panir, jibini ya maziwa yaliyochemshwa yakakatwa kwa ndimu, isiyoyeyuka motoni. Uasin Gishu ni nchi ya ng'ombe, na panir niliyoila Eldoret imeishinda ya Mombasa. Watu wangu wa Mombasa watanisamehe.

Kurasa za nyuma aghlabu huandikwa vyakula vya Kichina. Usitarajie Uchina. Mengi katika mapishi hayo yalizaliwa Kolkata, kwa Wachina waliohamia India wakaanza kutia tangawizi, saumu na pilipili mbichi kama majirani zao. Ni matamu. Walakini upishi wa Kichina mahali pengi hutumia divai ya mchele, na baadhi ya sosi huwa nayo, kwa hiyo kurasa hizo ndizo zinazohitaji maswali zaidi.

Tuje kwenye nyama. Linalowachanganya wengi ni kumtazama mpishi. Mpishi anaweza kuwa Mhindu, Mkristo au asiye na dini. Wali wake, dengu zake na samaki wake ni halali kwako maadamu chungu ni safi na hakijapikiwa haramu. Anayeulizwa ni mchinjaji. Kichinjo cha Ahlul Kitabu kina hukumu yake katika Suratul Maida, aya ya 5. Kichinjo cha asiyekuwa Mwislamu wala wa Kitabu hakiliwi. Hapa Kenya, hata bara, machinjio mengi huweka Waislamu wachinje ili nyama ipate kuuzwa kwa wote, na mikahawa hununua humo. Lakini mengi si yote. Uliza nyama imenunuliwa wapi, na cheti cha halali kilichotundikwa ukutani kitazame tarehe, kwani nacho huzeeka kama kalenda. Wala usishangae ukimwona Mwislamu wa Kihindi akikataa pweza na ngisi unaowala wewe. Yeye ni Hanafi, wewe ni Shafi'i, na nyote mko salama.

Ugumu mkubwa zaidi hauko sahanini. Mwaka jana binti yangu alitualika, mimi na mamake, chakula cha jioni huko Elgon View. Alikuwa amejiwekea pesa kwa miezi, na alikuwa amewaalika wasichana wawili wenziwe wa darasani, Wakalenjin, Wakristo, waliotuamkia "shikamoo" kama alivyowafundisha. Mahali penyewe ni pazuri: taa mitini, makaa ya moto kando ya meza, harufu ya bizari nyembamba. Tulipokwisha kuketi ndipo nilipoiona kaunta ya pombe hatua chache nasi, na watu wa meza ya pili wakimiminiwa. Nikamwambia binti yangu kwa sauti ya chini kwamba hapa hatutakula. Akainamisha uso.

"Baba, nyama yao ni halali, nimeuliza. Tukiondoka sasa, wenzangu watasema sisi watu wa Pwani hatuwezi kukaa na watu."

Neno lile halikuwa la kitoto. Kijana wa Kiislamu anayesoma mbali na kwao huulizwa kila siku kwa nini hali hiki wala haendi pale, na kila jibu humtenga kidogo. Wapo wanazuoni wanaopambanua baina ya meza inayopitishiwa pombe na ukumbi ambao wengine wanakunywa mbali nawe, na msafiri aliyefikwa na dharura hupata nafuu katika maneno yao. Mimi siioni dharura katika mji wenye mikahawa tele. Lakini kuondoka nako kuna adabu yake, na hapo mamake alinitangulia. Alisimama, akamshukuru mhudumu, akalipa maji tuliyokunywa na kuongeza bakshishi, kisha akawageukia wale wasichana.

"Wanangu, mzee wangu hakai panaponywewa pombe, ndiyo dini yetu. Nanyi ni wageni wetu usiku huu. Hebu tuonyesheni mahali penye chai nzuri."

Mmoja wao akacheka, akasema babake ni mlokole na angefanya vivyo hivyo.

Walitupeleka kwenye mkahawa mdogo wa Wahindi wasiokula nyama. Humo hapakuwa na pombe wala la kuulizia. Kila mtu aliletewa sinia yake ya chuma yenye vibakuli: dengu, biringani, panir na mchicha, achari ya ndimu, na mtindi uliotiwa bizari. Wale wasichana walisema mtindi ule ni binamu wa mursik, maziwa ya kwao yanayogandishwa kibuyuni pamoja na unga wa mkaa wa mti, na wakamweleza mke wangu namna kibuyu kinavyosafishwa. Naye, aliyetupikia kila siku kwa zaidi ya miaka 25, alikaa saa mbili nzima bila kuinuka kwenda kutazama chungu. Binti yangu alizungumza usiku ule kuliko nilivyomsikia akizungumza tangu aende chuo.

Mengine ni mafupi. Si kila mkahawa usiopika nyama usiouza pombe, kwa hiyo piga simu kabla ya kwenda. Omba meza ya pembeni mkiwa na wanawake na watoto. Hupewa bila shida. Msafiri na ajumuishe Magharibi na Isha kabla ya kwenda kula, kwani usiku wa Eldoret udhu wa maji baridi huwa mtihani kwa watoto.

Mwisho wa chakula uliletwa mkebe wa shamari iliyochanganywa na chembe za sukari. Mke wangu alijimiminia kiganjani, akanusa, akamuuliza mama mwenye mkahawa anainunua wapi shamari nzuri kama ile.

"Mombasa," alijibu yule mama. "Marikiti."