Kabla ya Kununua Pikipiki, Jifunze Kusimama

Wadau, tangu nianze kuposti picha nikiwa juu ya pikipiki yangu, inbox imejaa swali moja tu: "Dada, umeichukua bei gani?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza nimejifunza wapi, wala ile helmeti nimeipata wapi. Bei tu. Haya, bei naitaja: ni 125 ya mkononi, milioni moja na laki sita. Ila bajeti yangu ilikuwa milioni mbili, na ile laki nne haikuwa ya kuongezea rimu za kung'aa. Ilikuwa ya kichwa, mikono, miguu na mwalimu. Nilishajiambia kama hela haitoshi vyote, pikipiki ndiyo inayosubiri.

Mnaoishi Dar mtaona nazingua. Njooni Marangu basi. Mimi nakaa juu ya Mtoni, kazi yangu iko Himo, kwa hiyo kila asubuhi naanza siku kwa kushuka. Kutoka geti la hifadhi, ambalo liko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, mpaka Himo ni zaidi ya mita 800 za kuteremka. Lami ni nzuri, na hapo ndipo shida inapoanza, maana lami nzuri inamdanganya mtu. Kona moja inakuficha kwenye migomba, ukitokeza unakutana na Noah imesimama kushusha mikungu ya ndizi, au mama kabeba majani ya ng'ombe anavuka bila haraka. Ukiacha lami kuingia vihambani ni udongo mwekundu. Kiangazi ni vumbi, masika ni sabuni. Juu ya yote hayo kuna asubuhi za ukungu ambapo huoni mita 30 mbele.

Na kuna watu wanashuka hapo injini ikiwa imezimwa, eti wanabana mafuta. Aisee.

Mwaka juzi tulimzika kijana wa kihamba cha jirani. Simtaji, familia yake inasoma humu. Alikuwa na helmeti, tena siyo mbaya. Ilikutwa imening'inia kwenye saitimira, nzima kabisa, haina hata mkwaruzo. Kwenye msiba wazee waliongea mambo ya mapenzi ya Mungu, mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile helmeti, mtu alikuwa ameiweka juu ya kabati pale sebuleni. Ndiyo maana nilipomwambia mama nataka pikipiki hakugomba. Alinyamaza siku mbili. Mnaowajua mama wa Kichaga mtaelewa kwamba kugomba kungekuwa nafuu.

Siku ya tatu akasema, "Nunua, lakini nikuone kwanza unavyoiendesha." Sikuwa najua hata kukanyaga gia.

Nikamfuata mzee mmoja wa kijiweni Mtoni. Zamani alikuwa mgumu, amebeba mizigo ya wazungu mlimani miaka mingi kabla magoti hayajamkatalia, siku hizi anapakia abiria. Nilimchagua kwa sababu moja: sijawahi kumwona kabeba mshikaki. Tukaenda uwanja wa shule Jumamosi. Nikapanda, nikawasha, nikaachia klachi taratibu, chombo kikaondoka vizuri tu, nikajiona staa. Nikarudi pale alipo natabasamu. Akaniambia, "Mwanangu, kuondoka kila mtu anaweza. Hebu nionyeshe unavyosimama."

Jumamosi nne nzima tulifanya kusimama. Siwatanii. Aliweka jiwe, nikija na mwendo nisimame kabla ya jiwe bila kuyumba wala kuburuza tairi. Hapo ndipo nilipojua ule uvumi tuliokua nao, kwamba breki ya mbele inakupindua kwa hiyo usiiguse, ndiyo unaoua watu. Ukishika breki, uzito wote unakimbilia mbele, tairi la nyuma linakuwa jepesi. Kwa hiyo breki ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kukusimamisha. Kinachopindua ni kuinyakua ghafla, au kuikamata katikati ya kona, au juu ya mchanga. Unaibana polepole kama unakamua ndimu, chombo kikiwa kimenyooka, ya nyuma inasaidia. Kwenye teremko refu unashuka na gia ndogo, injini ndiyo inakushikilia. Ukitegemea breki tupu kutoka juu mpaka Himo, zinachemka, na breki iliyochemka haina habari na wewe.

Kingine alichonifundisha ni hesabu. Ukiwa mwendo wa 60 kwa saa, kila sekunde unakula karibu mita 17. Yaani mbuzi akitokeza, ile sekunde moja ya kushtuka tu ni mita 17 zimekwenda na hujagusa breki bado. Tangu hapo ukungu ukishuka mimi niko 30, na waniovateki tu na honi zao.

Baada ya hapo ndiyo nikaenda shule ya udereva Moshi kwa ajili ya alama, sheria, lena na hatimaye leseni ya daraja A. Vyuo vya VETA navyo vinafundisha udereva, ukiwa na nafasi nenda huko. Nisiwafiche, ukilipa tu hela ukachukua karatasi bila kukaa juu ya chombo, hiyo karatasi haitakusaidia kwenye kona.

Haya, vifaa. Helmeti nilinunua laki moja na thelathini, na kijiweni walinicheka wiki nzima kwa sababu zipo za elfu kumi na tano. Zile za elfu kumi na tano ibonyeze kwa ndani uone, nyingine ni plastiki na kijisponji kama cha kuoshea vyombo. Kinachookoa ni lile povu gumu la ndani, linapondeka badala ya fuvu lako. Likipondeka mara moja kazi yake imeisha, ndiyo maana helmeti iliyokula mzinga hairudi barabarani, na ya mtumba siitaki hata bure, hujui historia yake. Tafuta ya kufunika uso mzima, yenye alama ya E ndani ya duara na namba ya ECE 22. Iwe inabana mashavu. Funga mkanda, kisha shika kwa nyuma ujaribu kuivua kwa kuisukuma mbele. Ikivuka, siyo saizi yako. Kuna uchambuzi wa tafiti 61 uliotoka 2008 uliokuta helmeti inapunguza hatari ya kufa kwa kama asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwenye ajali hiyo siyo namba ndogo.

Wapo wanaovaa kwa ajili ya trafiki tu. Tangu 2021 faini za bodaboda zilishushwa kutoka elfu 30 mpaka elfu 10, kwa hiyo kwa hesabu ya faini peke yake helmeti nzuri hailipi. Badili hesabu.

Mengine yalikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Koti la ngozi nimelipata Memorial kwa elfu 35 baada ya kupekua robo saa, glavu elfu 20, reflekta elfu tano. Viatu sikununua. Binamu yangu ni mgumu, alipewa na mzungu buti za mlimani, zikawa ndogo kwake. Zinafunika kifundo cha mguu na hazitelezi. Kwetu hapa buti kama hizo zimejaa, halafu mtu anashuka Himo na kandambili, jamani.

Madada wenzangu, suala la nywele nalijua. Kitambaa cha satini chini ya helmeti, wigi kwenye begi, ukifika kazini unatengeneza. Kanga na sketi ndefu usipande nazo, cheni ikizishika inakuvuta nazo. Mimi navaa suruali ya jinzi nzito, sketi ya kazini iko kwenye begi. Maneno yatakuwepo, "mwanamke gani anapanua miguu hivyo." Yanakuja kwa upepo, na helmeti inaziba masikio pia.

Siku ya mtihani wa mama nilishuka kutoka nyumbani mpaka Mtoni, nikapanda tena. Alisimama getini na kanga mabegani, hakusema kitu. Jioni akauliza kama helmeti ya abiria nayo inauzwa bei ileile.

Nimemnunulia, inamfaa akivua kilemba. Jumapili anaibeba kanisani mkononi na kuiweka kwenye benchi pembeni yake, wamama wenzake wanaicheka. Sasa Desemba inakaribia, wote wa mjini mnarudi nyumbani, mbege iko kila kihamba na barabara inajaa magari yenye haraka. Kuanzia tarehe 20 chombo changu kinalala ndani saa kumi na mbili jioni. Mkinialika sherehe ya usiku, mje kunichukua na gari.