Herufi Mbili

Hofu ya mzazi ni kama moto wa nyikani: huwashwa na cheche ndogo, ikaunguza hata pasipostahili kuungua. Nakusimulia, msomaji mpenzi, jinsi karatasi moja ilivyoniwashia moto huo.

Binti yangu alishikwa na homa, nikampeleka kupimwa damu. Malaria haikuonekana. Lakini tabibu alikuwa ameongeza kipimo cha selimundu, maana maradhi hayo ni mengi katika nchi yetu ya ziwani. Na jibu lake lilikuwa herufi mbili: AS.

Sikuuliza maana yake. Nilirudi naye Rodi Kopany, pale ambapo barabara ya Ndhiwa huachana na ile ya kutoka Homa Bay kwenda Rongo. Njiani nilimkumbuka mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, aliyelia kwa maumivu ya mifupa hata akafa, na watu wakasema amerogwa. Kisha likanijia wazo baya zaidi: kwamba damu ile mbaya ilitoka kwa kina mke wangu. Nilisahau kuwa dada yangu na mimi tulinyonya ziwa moja.

Asubuhi nilirudi kwa tabibu. Alinieleza kwamba kila mtoto hurithi jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Mwenye SS ni mgonjwa: chembechembe zake nyekundu za damu hupinda kama mundu, zikaziba mishipa midogo. Mwenye AS ana jeni moja tu ya S, na kwa kawaida huishi na afya yake kama wengine. Nikafahamu kilichomwua mpwa wangu, hakuwa mchawi.

Wala si laana. Mwaka 1949 Anthony Allison, mtaalamu aliyelelewa Kenya, aliona kwamba jeni hiyo ni nyingi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na ni haba kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alitangaza kuwa mwenye jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria. Ngao moja ilimlinda mtoto. Ngao mbili zilimlemea.

Tukapimwa sisi wazazi. Mama yake alikuwa AA. Mwenye AS nilikuwa mimi.

Nilimwungamia mke wangu yale niliyoyawaza. Akaniuliza kwa upole, “Na kama ingekuwa mimi, je?” Sikuwa na jibu, na hata leo sinalo.

Binti yangu yu mzima, na siku moja atachumbiwa. Amekwisha kujua kwamba wenye AS wawili wakioana, kila mimba ina nafasi 1 katika 4 ya kuleta mtoto wa SS. Kwa hiyo atamwuliza mchumba wake bila ya haya. Nawe, kijana, ukipewa karatasi usiyoielewa, uliza kwanza maana yake. Usimtafute wa kulaumiwa, kwani huenda ukajikuta ni wewe.